Siku Mkwe Alipoacha Kutetemeka

Walimwita Gumba, na si kwa sababu ya ufupi. Alikuwa mrefu wa kugonga kichwa kwenye milango ya nyumba aliyojijengea mwenyewe. Jina lilitokana na kidole gumba cha mkono wake wa kulia, kilichovunjwa na usukani alipokuwa kijana, kikaungwa vibaya, kikabaki kimeangalia nje kama mtu aliyesusa. Tangu hapo kila aliyejifunza gari kwake alianza na somo moja, kabla ya gia, kabla ya breki, kabla hata ya kuonyeshwa ufunguo unaingia wapi.

“Gumba nje,” alikuwa akisema. “Ukiukumbatia usukani, tairi likigonga jiwe usukani utaruka na kidole chako. Ushike kama unavyomshika mgonjwa bega. Umshike, usimbane.”

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lenye pua fupi ya mraba na sehemu ya mizigo iliyotiwa viraka vya bati mpaka bati la mwanzo halikujulikana ni lipi. Gumba alilipa jina la Mkwe. Alisema gari lile hulifokei, hulipandi kwa pupa, hulipiti asubuhi bila kulisalimu, na likinuna nyumba nzima inanuna. Mkewe, ambaye mama yake alikuwa bado hai wakati huo, hakucheka.

Alilijua tangu lilipokuwa jipya na yeye akiwa utingo wa kikosi cha wapimaji wa barabara. Kazi yake ilikuwa kuteremka na jiwe kuzuia tairi kila gari liliposimama mlimani, kisha kukimbilia nyuma kabla halijaondoka. Dereva mkubwa wa kikosi alipougua, Gumba alipewa usukani kwa siku moja, na siku hiyo haikuisha. Mpishi wa kambi alikuwa msichana mwenye sauti kali aliyekataa kupanda nyuma na masufuria. Akakaa mbele, akamwambia dereva mpya kwamba anaendesha kama mtu anayebeba mayai ya kuazima. Huyo ndiye aliyemuoa.

Kikosi kilipoletewa magari mapya, Mkwe alisukumwa nyuma ya ofisi, majani yakaota mpaka kupenya sakafu. Gumba alilinunua kama chuma chakavu. Yeye na rafiki yake fundi walilifufua kwa uvumilivu ambao wake zao walikuja kuuita ugonjwa. Kuanzia hapo alibeba maji. Aliyachota kwa mapipa kwenye pampu ya bondeni, akayapandisha kwenye nyumba za kilimani, shuleni na kwenye machimbo ya kokoto, kwa barabara ambayo malori makubwa yaliitazama kutoka chini yakageuza.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Macho yake yalikuwa yanafungwa kutoka pembeni.

Daktari wa macho, mwanamke mpole aliyeshika kalamu bila kuandika, alimweleza kwamba ile ni presha ya macho. Matone atakayompa yatalinda kilichobaki, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Gumba akauliza kama hakuna miwani. Hakuna. Upasuaji je? Upasuaji nao ni wa kulinda tu.

“Unafanya kazi gani, mzee?” daktari akauliza.

“Nalima,” Gumba akajibu, na nyumbani kwake hakukuwa na jembe lenye mpini.

Matone aliyaficha kwenye soksi ndani ya kisanduku cha spana. Asubuhi na jioni alitoka “kwenda kumsalimia Mkwe”, akainamisha kichwa nyuma ya boneti, akajitilia. Dunia aliiona kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Mbele, kwa mbali, aliona vizuri: paa la shule, vumbi la machimbo, uso wa mtu akimwelekea. Chini ya bomba na kando zake palikuwa na ukungu wa kijivu, na bomba lilikuwa linazidi kuwa jembamba.

Hapo ndipo ubovu wa Mkwe ulipomfaa. Katika ekseli ya mbele ya gari la aina ile, kila upande una pini nene ambazo gurudumu huzizungukia linapokata kona. Mafundi huziita kingipini, na hukaa ndani ya beringi zake. Za Mkwe zilikuwa zimelika kwa miaka, zikalegea, na gurudumu la mbele likawa halitulii. Kila kilichokuwa barabarani kilipanda moja kwa moja mpaka mikononi mwa dereva. Katikati ya njia, palipokandamizwa na miguu ya watu, usukani ulitulia kama paka. Tairi la kushoto likigusa changarawe za ukingoni, ulitetemeka haraka haraka kama mwenye homa. Kwenye makorongo ya upande wa kulia ulivuta na kurudi, ukavuta na kurudi. Kabla ya kalvati kulikuwa na shimo, na hapo uligonga mara moja kwa kishindo, kama mgeni asiyependa kusubiri mlangoni. Gumba aliijua barabara nzima kwa viganja vyake. Bomba lilimwonyesha anakokwenda, Mkwe akamwambia alipo.

Lakini mtetemeko ule ulikuwa na siku zake mbaya. Asubuhi moja alikuwa akiteremka na mapipa ambayo machimboni walikuwa wameyakataa kwa sababu maji yalikuwa na matope. Akapiga shimo la kalvati kwa mwendo kidogo tu zaidi ya kawaida. Magurudumu ya mbele yakaanza kutikisika, na badala ya kutulia yakazidi, gari zima likacheza, mapipa yakapiga ngoma nyuma. Gumba alining’inia kwenye usukani mpaka likasimama lenyewe. Vidole gumba vilikuwa nje, vikasalimika. Kifundo cha mkono ndicho kilichojipinda kikavimba.

“Umepigana na nani, baba watoto?” mkewe aliuliza alipomwona akifungua mlango kwa kiwiko.

“Na Mkwe.”

“Nani kashinda?”

“Unaona mwenyewe.”

Alimfunga mkono kwa kitambaa cheupe, akamkanda, akamsema, akamletea chai, akamsema tena. Kisha akaenda uani kumpigia simu mtoto wao wa kiume, kwa sauti ya chini ambayo jirani wa tatu aliisikia vizuri.

Mtoto huyo aliishi mjini, ofisini, katika kazi ambayo Gumba hakuwahi kuielewa ila kwamba ilihusu kukaa. Hakuwa mtoto mbaya. Hazikupita siku nyingi, basi likaleta kifurushi. Ndani yake mlikuwa na shokapu mpya, nyekundu, ndefu kama mkono wa mtoto, na vishikizo vyake vya kufungia.

“Baba, umeipata?” mtoto akauliza kwenye simu.

“Nimeipata, mwanangu. Nzuri. Nyekundu.”

“Si ya kuangalia, baba, ni ya kufunga. Ni shokapu ya usukani. Nimeulizia kwa watu wanaoyajua haya magari ya zamani. Upande mmoja unashika ekseli, upande wa pili unashika ule mkono wa usukani chini. Usukani ukitaka kuruka, inauzuia. Utaendesha kwa kidole kimoja.”

“Kidole kipi? Hiki changu kimesusa.”

Mtoto alicheka, kisha akaacha. “Baba, sikutanii. Ama hiyo ifungwe, ama gari liuzwe. Kuna mtu huku anayakusanya magari hayo, anayapaka rangi, anayaweka kwenye bustani ya hoteli watu wapigie picha. Mama ana hofu, ila hasemi tu.”

“Mama yako anasema kila kitu.”

“Hili hajakuambia.”

Gumba akakaa kwenye ngazi ya mlango, shokapu magotini. Aliuvuta ufito wake wa chuma kwa mkono mzima. Ukaja taratibu, ukimkatalia kwa adabu. Akaurudisha, ukakataa vilevile. Hakuna kilichomtisha kama adabu hiyo. Alielewa kwa viganja, kama alivyoelewa mambo yote siku hizi, kwamba kitu hiki kazi yake ni kumeza mtetemeko, na kwamba kikifungwa Mkwe hatasema naye tena. Kisipofungwa, gari litauzwa. Na sababu ya kukikataa, ile ya kweli, ilikuwa ndani ya soksi.

Gereji ilikuwa uwanja wenye paa upande mmoja, mafuta yameingia ardhini mpaka hata mvua haikutoa tope pale. Mwenyewe, yuleyule aliyemfufua Mkwe pamoja na Gumba, aliitwa Fundi Kimya, kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Akiwa chini ya gari sauti iliendelea kutoka huko chini, na wateja wengine waliondoka, wakanywa chai, wakarudi, hadithi ikawa bado haijafika mwisho. Kando ya uwanja, juu ya mawe, palikuwa na gari la aina ileile ya Mkwe, halina injini, ila upande wa mbele ulikuwa karibu mzima. Fundi alikula kiapo kwamba siku akistaafu atalifufua aende nalo kwa dada yake, kule milimani basi lisikofika. Watu walimwomba vipuri vyake kwa maneno matamu na kwa maneno makali. Hakutoa hata nati.

“Karibu, mzee mwenzangu!” alipaza sauti. “Huo mkono vipi, umeposwa? Mbona umevalishwa shela?”

“Nimekuletea kazi, au nisikuletee, sijui,” Gumba akasema, akaweka boksi juu ya benchi.

Fundi aliitoa shokapu, akaigeuza, akaipigia mluzi. “Mwanao ana jicho. Hii nafunga sasa hivi, chai haijachemka.”

“Ngoja kwanza.”

“Ningoje nini? Kifundo kingine?”

Gumba alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. “Wewe ndiye uliyenifundisha. Shokapu haitibu, inaficha. Kingipini zimelegea. Ukifunga hii, zitaendelea kulika kimyakimya mpaka siku gurudumu liamue kwenda kwao peke yake. Huwezi kumtibu mgonjwa kwa kumziba mdomo. Mimi sitaki kuficha ugonjwa, ndugu yangu. Kama hautibiki, bora niuone.”

Fundi aliiweka spana chini. Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo, na si kwa petroli.

“Unajua,” akasema, “miaka yote nawaambia watu hivyo. Wanacheka. Wanataka kitu chekundu cha kufunga waende zao. Leo mtu ameingia hapa na mkono umefungwa, anakataa starehe kwa sababu ya ufundi. Wewe bwana ungekuwa fundi, mimi ningekuwa utingo wako.”

“Basi tuliache kama lilivyo.”

“Tuliache litetemeke?”

“Limetetemeka siku zote.”

Fundi aliutazama ule mkono, akalitazama gari, akanyamaza muda wa pumzi moja. “Liache hapa mpaka mkono upone. Angalau nilipake grisi.”

Gumba alirudi nyumbani kwa miguu, mwepesi kama mtu aliyekwepa kikao cha ukoo. Kwa mtoto alisema fundi ameshauri wasubiri. Kwa mkewe alisema hivyohivyo. Alipokwenda kumsalimia Mkwe jioni hiyo, Mkwe hakuwepo, naye akajitilia matone chooni, akiyasikia maneno yake mwenyewe kuhusu mgonjwa na mdomo. Yalikuwa maneno mazuri. Alitamani yangesemwa na mtu mwingine.

Uvimbe ulipokwisha alirudi gereji, na kitu cha kwanza kilichoingia kwenye bomba la macho yake kilikuwa gari la Fundi Kimya juu ya mawe, limefumuliwa mbele. Ekseli ilibaki wazi kama kinywa kilichong’olewa meno.

“Nimezitoa kwangu,” Fundi alisema nyuma yake. “Kingipini, beringi, kila kitu. Zimekaa kwa Mkwe kama zilizaliwa hapo. Zile mbovu nimewapa watu wa vyuma chakavu, nisizione tena. Na shokapu yako hii hapa, haijaguswa. Huna haja nayo. Umesema hutaki kuficha ugonjwa. Haya, ugonjwa haupo.”

“Ulikula kiapo,” Gumba akasema. “Hata nati.”

“Kiapo nimekitapika. Panda!”

Alipanda. Angefanya nini? Akaweka mikono, gumba nje, akaingiza gia, wakatoka. Usukani ulikuwa laini kama maziwa. Alisubiri homa ya ukingoni, haikuja. Alisubiri makorongo, gari liliyapita kama linapita juu ya zulia. Viganja vyake vilitafuta, vikatafuta, vikakuta chuma kilichonyamaza. Jasho lilimtoka mgongoni. Mbele aliliona paa la shule, zuri, linang’aa. Hakujua kama tairi la kushoto lilikuwa barabarani au mtaroni.

“Achia mikono uone linavyokwenda lenyewe!” Fundi akasema. “Hutaki? Haya. Unajua, lile langu nililiwekea safari moja tu, ya kwa dada. Sasa dada ametangulia. Wamemzika wakati wewe unauguza mkono. Basi liliishia njiani, nikapanda kwa miguu, nikafika wameshafukia. Nikarudi nikaliangalia lile gari nikasema, hizi kingipini zinamsubiri nani?”

“Safi sana,” Gumba akasema. “Safi kabisa.”

Alikuwa akiitafuta kalvati.

Fundi alimgeukia, kisha akageukia dirisha. Kutoka hapo mpaka wanarudi gereji hakusema neno. Gumba hata hakuona tofauti.

Hakukuwa na wa kumlalamikia. Amwambie nani kwamba gari lake limepona? Alianza kuendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, akimwambia mkewe ni joto. Alijaribu kusikiliza changarawe chini ya tairi, lakini mapipa yalipiga kelele kuliko changarawe. Alikwenda polepole mpaka watoto wa shule wakawa wanampita wakitembea, wakimpungia mikono ambayo hakuiona. Mkewe alimtazama akiondoka kila asubuhi na hakusema kitu, na kwake hilo lilikuwa jambo geni.

Muuza maziwa, kijana mpole aliyezunguka nyumba za kilimani na baiskeli yake, alikuwa ameiegemeza kwenye nguzo ya kalvati, makopo yakining’inia pande zote mbili, akateremka mferejini kunawa mikono. Gumba alisikia kitu kidogo sana kikipita mkononi, kama kokoto moja. Kisha akasikia kelele.

“Mzee! Simama! Simama, baba, unaua!”

Aliposhuka, aliyaona maziwa kwanza. Yalikuwa yakitambaa kwenye vumbi kuelekea viatu vyake. Akainua bomba lake taratibu, akaikuta baiskeli, imekunjika kama karatasi chini ya ubavu wa Mkwe. Akainua tena, akaukuta uso wa kijana.

“Ningekuwa nimeipanda, mzee,” kijana alikuwa akisema. “Ningekuwa nimeipanda.” Alilirudia neno hilo kama mtu anayejaribu kiatu kisichomtosha.

“Usukani,” Gumba akasema. “Usukani umenikataa.”

Neno likamtoka hivyo, na likishatoka likaenda zake. Mpaka jioni lilikuwa limefika pampuni, shuleni, machimboni. Fundi Kimya alitoa vyuma kwenye gari bovu akavifunga kwenye gari la mwenzake. Fundi Kimya amezeeka, mdomo mwingi mikono haina kitu. Mwenye gari la shule lililokuwa likitengenezwa gereji alikuja kulichukua likiwa na boneti wazi, akalivuta kwa kamba. Fundi alimfuata Mkwe alikokuwa amesimama, akaingia chini yake na taa, akapima kila nati, akazungusha kila gurudumu. Hakuona kosa. Akaanza tena tangu mwanzo. Alipotoka, mgongo umejaa vumbi, alimwambia Gumba:

“Kama wewe umesema ni usukani, basi ni usukani. Mikono yangu haioni, lakini wewe unaijua barabara hii kuliko mimi ninavyoijua nyumba yangu. Nitatazama tena kesho.”

Gumba alimpangusa vumbi mgongoni.

Siku iliyofuata mtoto alifika kutoka mjini, akawachukua baba na mama mpaka gereji, akiwa amevaa viatu ambavyo havikuzoea mafuta.

“Baba mdogo,” alimwambia fundi, kwa sababu ndivyo alivyomwita tangu utotoni, “nakuheshimu. Lakini shokapu niliyoleta iko wapi?”

“Ile pale kwenye rafu, mwanangu. Haikuhitajika.”

“Haikuhitajika! Mtu nusura afe, haikuhitajika! Mnachukua chuma cha gari lililokaa kwenye mvua miaka nenda miaka rudi, mnamfungia baba yangu, mnamwambia aende!”

“Nilikikagua.”

“Ulikikagua kwa macho gani?”

Fundi Kimya alifungua mdomo. Alikuwa na maneno ya kila kitu, hata ya misumari, lakini kwa hili alisimama anaipangusa mikono kwa kitambaa, anaipangusa, na mikono ilikwisha kuwa safi.

“Mwanangu,” Gumba akasema. “Mama yako yuko wapi?”

“Baba, sasa hivi hatuzungumzii—”

“Nakuuliza. Mama yako yuko wapi?”

Mtoto alishangaa. “Si huyo hapo, baba. Kando yako. Amekushika koti.”

“Mimi simwoni,” Gumba akasema. Hakugeuza kichwa. “Nahisi kanishika, simwoni. Na yule kijana wa maziwa sikumwona, na baiskeli sikuiona, wala nguzo. Chuma hakina kosa. Huyu bwana amefanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na kazi hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mkwe alikuwa akitetemeka, nikawa najua niko wapi. Sasa hatetemeki.”

Mahali fulani tone la mafuta lilidondoka kwenye sinia. Mkewe ndiye aliyesema kwanza, na hakumtazama mtu.

“Nilidhani ni pombe,” akasema. “Hayo matone ya kwenye soksi. Nilidhani ni kitu cha kulewa. Nikasema, amefanya kazi maisha yake yote, mwache alewe kidogo.”

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangevunjika mbavu.

Fundi alikuja akasimama mbele ya Gumba, hasa mbele, ndani ya bomba. “Kwa nini hukuniambia? Ningeliacha litetemeke, ndugu yangu. Ningezilegeza mwenyewe.”

“Zilegeze basi,” Gumba akasema. Lilimtoka kabla hajajizuia, na kila mtu alisikia jinsi alivyolitaka. “Zile za zamani zirudishe.”

“Zimekwisha kuyeyushwa.”

“Baba,” mtoto akasema taratibu, “hata zingekuwepo.”

Akanyoosha mkono kuomba ufunguo. Mkono ulikuja kutoka upande wa kushoto, ukabaki hewani, Gumba hauoni, mpaka mkewe alipoutoa ufunguo mfukoni mwa koti la mumewe akampa mtoto. Mtoto alitia mfukoni kitu kile kidogo kama anavyotia funguo zake nyingine. Kwa muuza maziwa alinunua baiskeli mpya, na katika kila nyumba ya kilimani alisema wazi kwamba fundi hana kosa. Watu walisikiliza, wakatikisa vichwa, wakaendelea kupeleka magari yao kwingine, kwa kuwa walikwisha kuzoea njia. Maji yakaanza kupandishwa na trekta. Mtu wa bustani ya hoteli aliletewa picha, akasema rangi imechakaa mno na bati ni viraka vitupu.

Ndiyo maana Mkwe aliishia gereji, juu ya mawe, ubavu kwa ubavu na lile la Fundi Kimya. Moja lina injini na miguu mizima, jingine halina vyote viwili, na hakuna wa kuendesha hata hilo zima. Shokapu ilibaki kwenye rafu, nyekundu, haijawahi kufungwa popote.

Asubuhi mkewe humfikisha Gumba hapo akimshika kiwiko, kisha huenda sokoni. Gumba hupanda garini kwa kupapasa. Huweka mikono, gumba nje, na usukani huzunguka kwa ulaini uleule, magurudumu ya mbele yakigeuka hewani, huku na huku. Bomba sasa ni la ukubwa wa sarafu. Fundi Kimya, ambaye siku hizi hana kazi nyingi, huja kukaa kiti cha upande wa pili.

Asubuhi moja Gumba ndiye aliyeanza mazungumzo.

“Dada yako hajambo kule milimani? Hujanitajia habari zake siku nyingi.”

Fundi alichokonoa kamba iliyofungia mlango wa upande wake.

“Nilikuambia,” akasema. “Tulikuwa humuhumu ndani. Nilikuambia, ukaniambia safi sana.”

Gumba aliacha kuzungusha usukani. Aliitafuta siku ile, akaipata: paa la shule, jasho, viganja vinavyotafuta, na sauti pembeni ambayo aliichukulia kama sauti ya injini.

“Niambie tena,” akasema.

Fundi alitazama mbele kupitia kioo, kwenye ukuta wa gereji. “Habari imeshapoa,” akasema. “Siku ile ndiyo nilikuwa nayo.”

Wakakaa. Mikono ya Gumba ilikuwa bado juu ya usukani, imeshika bila kubana, na usukani haukuwa na la kumwambia.